Sato wa elfu 17: hesabu za safari yetu ya kuzunguka ziwa

Daftari lenyewe ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nililichukua kwa binti yangu Neema siku mbili kabla ya kuondoka, nikaandika juu yake KISUMU, AGOSTI 2025, na chini yake bajeti: shilingi 1,600,000. Watu watano, gari moja aina ya Noah, siku tano. Tuliporudi Mwanza, siku zilikuwa nane na jumla ilisoma 2,410,000.

Usiku ule sikulala mpaka nijue laki nane zimekwenda wapi. Sehemu ya pesa ilikwenda kwa raha zetu wenyewe, na hiyo sina kinyongo nayo. Lakini nilipoweka alama kwa kalamu nyekundu kila tulipolipa kwa sababu ya uzembe, nilipata kama laki nne na nusu. Karibu yote ilikuwa ya mambo ambayo tungeyamaliza Mwanza kwa asubuhi moja. Kenya ni ghali kwa mtu wa huku, hilo sibishi. Ila hiyo laki nne na nusu hatukuchukuliwa na Kenya.

Mtoto wa shangazi yake mume wangu, Baba Neema, alikuwa anaoa Kisumu. Mume wangu ni mtu wa Rorya, ndugu zake wametapakaa pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo kutokwenda ingekuwa kesi ya miaka. Tulikuwa mimi, yeye, mama mkwe, shemeji yangu na Neema mwenye miaka tisa. Basi lingekuwa nafuu, niseme ukweli mapema. Lakini magoti ya mama hayataki kukunjwa siku nzima, na Baba Neema alitaka ndugu wamwone anashuka kwenye gari lake.

Mama alikuja na kilo tano za mchele, dagaa wa kukaanga, sufuria mbili na jiko dogo la gesi. Mume wangu akavishusha vyote. "Mama, tunaenda harusini, hatuhami." Mama hakujibu. Kumbukeni huo mchele.

Sasa kadi ya gari. Noah tuliinunua mwaka juzi kwa mzee mmoja wa Nyegezi, na umiliki hatukuhamisha. Kila mwezi tulisema mwezi ujao, kwa sababu kuhamisha kuna gharama zake na hapa mjini gari linatembea tu. Sirari, mpakani na Kenya, halitembei. Mpaka ule sasa ni wa kituo kimoja, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja, na sisi watu tulimaliza haraka sana. Gari ndilo lililobaki. Afisa aliitazama kadi, akaitazama pasipoti ya Baba Neema, akauliza huyu mwenye jina yuko wapi. Yuko Nyegezi, anakunywa chai. Basi leteni barua yake ya kuruhusu gari litoke nchini, yenye muhuri wa wakili, na iwe yenyewe, sio picha ya WhatsApp.

Hakuonea mtu. Gari la wizi linavuka mpaka hivyohivyo, mtu ana kadi ya jina la mwingine na maneno mengi.

Tukarudi Tarime kulala. Dada yangu Mwanza akaacha kazi zake, akapanda daladala hadi Nyegezi, akamchukua mzee, akampeleka kwa wakili, kisha alfajiri akamkabidhi kondakta wa basi bahasha pale stendi ya Nyamhongolo. Tulikaa Sirari tunasubiri basi kama watu wanaomsubiri mgeni rasmi. Kondakta alishuka na bahasha imekunjwa mfukoni mwa shati, ina doa la mafuta ya chapati pembeni, lakini muhuri unasomeka. Gesti vyumba viwili, wakili, kondakta, chakula cha watu watano: 160,000. Zaidi ya hapo tulipoteza siku nzima, na ile siku ndiyo iliyotufanya tufike Kisumu usiku tukiwa hatuna pa kulala. Nitafika huko.

Kama gari si la jina lako, iwe la mke, la kaka, la ofisi au la benki inayokudai mkopo, barua hiyo itafute kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni lako ila hujahamisha, hamisha.

Jambo la pili likafuata palepale dirishani. Tukaulizwa, "Kadi ya njano mnayo?" Baba Neema, kwa kujiamini kabisa, akatandaza kadi tano za chanjo ya homa ya manjano kama mtu anayecheza karata. Kijana wa pale akacheka hadi akashika meza. "Hizi za watu, mzee. Nataka ya gari."

Kuna kadi mbili za njano na zote utazihitaji. Moja ni ya chanjo, na Uganda hasa wanaiulizia. Nyingine ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa bima imebaki, kwa hiyo bima yako ya kawaida inaongezewa kadi hiyo na ndiyo inayokulinda ukigonga mtu au gari la mtu nchi za jirani. Inatolewa na walewale waliokukatia bima nyumbani. Sisi tulikata mpakani, kwa haraka, kwa wakala aliyeona jasho letu. Niliporudi nikauliza Mwanza: tulizidishiwa kama elfu 40. Hakikisha pia nchi zote utakazopita zimeandikwa kwenye kadi. Hilo kwa bahati tulilifanya, tuliandikisha na Uganda "ikitokea".

Halafu pesa. Hapa ndipo ninapoona aibu, maana mwenye pochi nilikuwa mimi.

Wabadilishaji wa mpakani wanakuja dirishani na bunda mkononi na kikokotoo shingoni. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 19 na senti za kwetu. Nikakubaliana na mmoja kwa 19.5, nikampa milioni moja. Alipaswa kunipa 51,280. Akahesabu noti za elfu moja mbele yangu, haraka, akizipiga kwa kidole gumba, mimi nahesabu naye: arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja. Sawa kabisa. Akaongeza chenji, akatakia safari njema, na mwenzake palepale akaanza kumwambia Baba Neema asogeze gari, anaziba njia.

Migori nikazitoa nikanunue maji. Nikahesabu tena taratibu juu ya mapaja: 48. Noti tatu zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikahesabiwa mara mbili, mwanzo na mwisho. Bado sijamaliza. Muuza maji akashika noti mbili juani, akanirudishia kwa upole. "Hizi ni za kale, madam. Hazifanyi kazi." Kenya ilibadilisha noti mwaka 2019, na zile elfu moja za zamani ziliacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Mimi niliziuziwa miaka sita baadaye. Elfu tano za Kenya zikawa zimekwenda, yaani karibu laki moja ya kwetu, kabla hatujanunua hata pipi.

Tulipofika Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, siku chache baadaye nilikuwa mtu mwingine. Niliingia ndani, kwenye duka la kubadilishia lenye kibandiko cha bei ukutani, nikabadilisha kiasi cha mafuta na chakula cha siku moja tu. Kila noti niliiweka mezani peke yake, shemeji akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nyuma yetu watu walisonya. Wasonye.

Baada ya Migori tukakutana na matuta. Barabara ni nzuri, ndiyo inayokudanganya. Unaingia senta, hakuna alama, rangi ya tuta imeshafutika, na Baba Neema alikuwa anakimbiza siku iliyopotea. Tuta la tatu au la nne karibu na Rongo likang'oa kiungo cha bomba la moshi, tukaingia Kisii tunanguruma kama trekta. Fundi wa kuchomelea, chini ya mti, alilala chini ya gari dakika ishirini na kutudai 1,500 za Kenya. Nilitaka kulia kwa furaha. Mafundi wa jua kali wa kule ni hodari na hawazungushi. Ukiharibikiwa, usikimbilie gereji yenye geti.

Na mafuta? Baba Neema aliongea habari za mafuta wiki mbili kabla ya safari. Anafuatilia bei za EWURA, mamlaka yetu inayopanga bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kama mwingine anavyofuatilia ligi, na alikuwa amegundua Kenya nao wanatangaza za kwao tarehe 14 ya kila mwezi. Kwao petroli ilikuwa imezidi 180 kwa lita, ambayo ni zaidi ya 3,500 ya kwetu, na sisi huku ilikuwa kama 3,000. Mpango wake ulikuwa tujaze Tarime hadi juu. Lakini asubuhi ile ya bahasha tukasahau, tukaingia Kenya na robo tanki, na alinung'unika hadi Ahero. Nikapiga hesabu. Lita 40 tulizonunua kule zilitugharimu kama 22,000 zaidi. Basi! Elfu 22, mbele ya 160,000 za kadi ambayo hakuna aliyeizungumzia hata siku moja. Jaza mpakani, ndiyo, lakini usiache hesabu ya mafuta ikakuziba macho.

Kisumu tukaingia saa mbili usiku. Nyumba ya shangazi imejaa hadi jikoni. Tukaanza kuuliza, na hapo lugha ikatucheza. Ninamwuliza kijana wa bodaboda, "Naomba unielekeze hoteli ya bei nafuu," ananipeleka kwenye ugali na maharage. Kwao hoteli ni pa kula. Pa kulala wanasema lodging, na lodging nyingi za bei ya chini zipo juu ya baa, muziki hadi alfajiri. Mama alisimama mlangoni pa moja, akasikiliza, akageuka bila neno. Tukaishia hoteli ya katikati ya mji, 4,500 kwa chumba, vyumba viwili. Tisa elfu, kama 175,000, kwa usingizi wa saa saba.

Asubuhi mke wa binamu akanishangaa. "Kwa nini hukuniuliza? Kuna nyumba ya wageni ya kanisa hapo juu." Chumba 1,800, chai na mkate asubuhi, geti linafungwa saa nne usiku, gari linalala ndani ya uzio. Siku hizi nikienda mji wowote nisioujua naanza kuuliza nyumba za wageni za makanisa na taasisi za dini, na huna haja ya kuwa muumini wao. Ila hizo hujaa, hasa wikiendi za harusi, na hawamsubiri mtu usiku. Lazima upige simu kabla. Kama tungefika saa tisa mchana, siku moja mapema, tungeingia pale moja kwa moja. Kwa hiyo ile 105,000 ya tofauti nimeiandika kwenye ukurasa wa kadi ya gari.

Pale kanisani kulikuwa na jiko la wageni kutumia. Jumamosi jioni, baada ya harusi, mama akaenda kwenye gari, akainua kiti cha nyuma, akatoa mchele. Kilo tano zote, na dagaa kwenye kopo la maziwa. Aliurudisha garini usiku wa kuamkia safari, wakati mwanawe anakoroma. Baba Neema alikula sahani mbili na hakusema kitu.

Huo mchele ulikuja kwa wakati wake, maana mchana wa siku iliyotangulia tulikuwa tumekula samaki. Unajua mtu akifika Kisumu lazima aambiwe aende ufukweni kula samaki. Tukaenda. Meza za plastiki, upepo wa ziwa, samaki wazima wa kukaanga wanaletwa na ugali na sukuma wiki. Sisi tunaita sato, wao ngege. Dagaa wetu kwao ni omena, na sangara ni mbuta. Niliagiza watatu bila kuuliza bei, kwa kujiona mwenyeji: sisi ni watu wa ziwa, samaki atatushinda nini? Bili ikaja: samaki mmoja 900. Mama akaniuliza ni shilingi ngapi za kwetu. Nikasema kama elfu 17. Akamtazama yule samaki, aliyebaki kichwa na mfupa, akauliza, "Na huyu katoka ziwa gani?"

Swali zuri kuliko alivyojua. Mhudumu mwenyewe akatwambia, bila kuulizwa mara mbili, kwamba siku samaki wa ziwani wakiadimika wanapika wa kugandishwa kutoka China. Sijui tulikula yupi, na sikutaka kujua. Jumla na soda, 3,600.

Shemeji alikuwa na nadharia kwamba tunapandishiwa bei kwa sababu ya Kiswahili chetu. "Usiseme 'naomba', sema 'hii ni ngapi'." Nikajaribu sokoni. Mama wa nyanya akanijibu, "Karibu, mtu wa TZ." Kwa kweli sikuona kama ametupandishia. Wengi walifurahia tu kutusikiliza, na mmoja aliniongezea kitunguu kwa sababu ya "shikamoo" ya Neema. Kinachokuumiza kule ni kutouliza bei kabla. Kosa hilo ni la kwangu, nisiwasingizie.

Simu niitaje kwa kifupi. Sikuzima data nilipovuka, nikatuma video za harusi usiku kucha kwa laini ya nyumbani. Elfu 27. Laini ya kule unasajiliwa kwa pasipoti, na inakusaidia zaidi ya intaneti, kwa sababu kila kibanda kinapokea malipo ya simu na kuna mahali noti ya elfu moja inakosa chenji kabisa.

Jumapili usiku Baba Neema akasema lile neno. "Tukishafika Kisumu, kwa nini turudi njia ileile? Tuzunguke ziwa." Bajeti ilikuwa imeshakufa, barua ya gari tunayo, bima imeandikwa Uganda. Mama akasema hajawahi kuona Nile inapotokea. Nikafunga daftari, nikasema haya.

Sijutii. Busia tulivuka kwa saa moja na nusu, kila karatasi mkononi. Angalia tu tarehe ya mwisho kwenye kibali cha muda cha gari kabla hujatoka dirishani, siku zake zinahesabiwa na kuzidisha kuna faini. Tulilala Jinja makusudi ili Kampala tuipite saa tano asubuhi, foleni ya alfajiri ikiwa imepungua na ya jioni haijaanza. Pale Nile tuliuliza kama kuna kiingilio cha watu wa Afrika Mashariki, tukaonyesha pasipoti, ikawepo, chini sana ya ile ya wageni wengine. Uganda sehemu nyingi zina bei hizo, lakini hawakupi usipouliza. Chakula cha njiani, ndizi na muhogo wa kuchoma, kilitutosha. Mstari wa ikweta, Masaka, Mutukula, na usiku tukawa Bukoba tunaongea na watu bila kikokotoo.

Siku ya mwisho tukashuka Muleba, Biharamulo, Geita, Sengerema. Tulizoea kwamba ukifika Busisi unazima gari, unanunua karanga, unasubiri kivuko. Safari hii hatukuzima. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, na Neema alihesabu nguzo za taa hadi akachanganyikiwa. Mama alifungua kioo na kutazama upande wa Kisumu, ingawa Kisumu huwezi kuiona kutoka pale.

Jumatatu iliyofuata Baba Neema alimpitia yule mzee wa Nyegezi wakaenda kuhamisha kadi. Alirudi na risiti, akaiweka mezani mbele yangu bila maneno, nikaibandika kwenye daftari kwa gundi ya Neema.

Jioni mama akataka twende Mwaloni Kirumba, soko la samaki. Tukachagua sato watatu, wakubwa kuliko wale wa ufukweni, 24,000 wote. Mama akamshika mmoja kwa mkia, akampima kwa mkono juu na chini, akamgeuza kutazama macho.

"Huyu," akasema, "hajui kabisa kule anauzwaje."